Mfano wa Penseli

Katika nchi moja ambayo jina lake nimelisahau kwa sababu za kiafya, kulikuwa na Wizara ya Elimu, Vifaa na Picha. Wizara hiyo ilifanya kazi bila kupumzika, na ushahidi ulitundikwa ukutani katika kila ofisi: Waziri akipokea, Waziri akikabidhi, Waziri akiinama kumsikiliza mtoto asiye na viatu, Waziri akiinuka. Kwa hiyo mtu yeyote atakayesema kwamba watoto wa nchi hiyo hawakujaliwa, mwambieni kwanza alete picha.

Mbali na ofisi hizo, mahali ambapo lami ilichoka ikawa changarawe, na changarawe nayo ikakata tamaa, palikuwa na mtaa wa Kokotoni. Watu wa Kokotoni walikula kwa nyundo. Baba alipasua mwamba, mama akapasua jiwe la baba, mtoto akapasua la mama, mpaka ikapatikana kokoto, ndipo lori likaja kuchukua. Waziri alipenda kusema kwamba kokoto hizo ndizo zilizoijenga nchi. Alisema kweli, maana Kokotoni kwenyewe haikubaki hata moja.

Shule ya Msingi Kokotoni ilikuwa na madarasa mawili yenye paa na mawili yenye ahadi ya paa. Mwalimu mkuu, ambaye pia alikuwa mwalimu wa darasa la saba, mpiga kengele na mganga wa pua zinazotoka damu, aliitwa Mwalimu Sikudhani. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini kasoro, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, na alikuwa na neno lake. Kila alipotaka kufafanua jambo alisema, "Kwa...", akanyamaza, na darasa zima likamalizia, "mfano." Hapo ndipo alipoendelea: una mawe matano, lori limechukua manne, umebaki na nini? Alifundisha hivyo kwa miaka ishirini na miwili. Watoto walimwita Mwalimu Kwamfano wakidhani hajui, naye alijua, na alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Madaftari hayakuwapo. Watoto waliandika kwa mkaa juu ya mawe bapa, na kazi ya nyumbani ilifika asubuhi kichwani, juu ya kata. Aliyekosa alifuta kwa mate. Aliyepata alirudi na jiwe lake nyumbani, mama yake akalitazama kwa fahari mpaka chai ilipokwisha, halafu akalipasua jibu likawa kokoto.

Mambo yangeendelea hivyo bila kumsumbua mtu, lakini mwaka huo ulikuja waraka. Waraka ulisema kwamba mtihani wa taifa wa darasa la saba utasahihishwa na mashine, na mashine hiyo haioni kitu kingine isipokuwa penseli. "Mtahiniwa asiye na penseli," ulimalizia, "hataruhusiwa kuingia katika chumba cha mtihani, kwa faida yake mwenyewe." Darasa la saba lilikuwa na watoto arobaini na mmoja. Penseli ilikuwa moja, ya Mwalimu, na ilikuwa fupi kiasi cha kushikwa kwa kucha.

Miongoni mwa hao arobaini na mmoja alikuwamo Havijawa, binti wa miaka kumi na mitatu. Mama yake alikuwa na jicho moja. La pili lilitolewa na kipande cha jiwe mwaka ule Havijawa alipoanza shule, na tangu siku hiyo mama huyo kila alipokutana na Mwalimu alisema maneno yale yale: "Mwalimu, huyu nitolee kwenye mawe." Havijawa hakuwa mzito kutolewa. Hesabu za darasa la saba alizimaliza akiwa la tano, na mawe yake Mwalimu hakuyarudisha nyumbani, aliyapanga nyuma ya mlango ili yasipasuliwe. Kama angefaulu mtihani ule, angekwenda shule ya sekondari ya bweni, ng'ambo ya mto, yenye meza na taa. Kama asingefaulu, nyundo ya ukubwa wake ilikuwa tayari, imeegemezwa pale mlangoni kwao.

Basi Mwalimu Sikudhani akaandika barua yenye mstari mmoja: Naomba penseli arobaini na moja kabla ya siku ya mtihani.

*

Wizara ilijibu kwa kumtumia Fomu ya Maombi ya Penseli, nakala tatu, zijazwe kwa penseli. Mwalimu alijaza nakala ya kwanza na ya pili. Alipofika nakala ya tatu, kwenye mahali pa sahihi, penseli yake ikaishia kwenye kucha, akamalizia kwa mkaa. Alizituma, na wiki mbili baadaye Afisa Elimu wa wilaya, Bwana Kitogo, alifika mwenyewe kwa gari. Alikuwa mtu mnene mwenye tabia ya kufungua kabrasha kabla ya kusalimia.

"Mwalimu, barua yako imetugusa," alisema. "Imekwenda mpaka juu kabisa. Mheshimiwa Waziri anakuja."

"Tunashukuru sana, Bwana Afisa. Atakuja na penseli?"

"Atakuja na kampeni. Inaitwa Kila Mtoto na Penseli Yake." Akageuza karatasi. "Tumeunda kamati. Kamati ya Mapokezi, Kamati ya Maturubai, Kamati ya Chakula, Kamati ya Mashada, na Kamati ya Kuratibu Kamati."

"Na Kamati ya Penseli?"

Bwana Kitogo alipekua kabrasha lote kwa uangalifu. "Hiyo iko ndani ya Kamati ya Chakula," alisema, "kwenye mengineyo."

Kesho yake alikuja Afisa Furaha. Huyu alitoka makao makuu, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto kufurahi, kwa sababu katika ziara iliyotangulia watoto wa sehemu nyingine walifurahi ovyo na picha zikaharibika. Masomo yalisimamishwa wiki tatu. Watoto walijifunza furaha ya kupokea, furaha ya kutoamini macho, na furaha ya kugeukiana. Havijawa alichaguliwa kughani shairi na kulia mwishoni.

"Mwalimu, nimeambiwa nilie," alisema Havijawa wakati wa mapumziko.

"Ulie kwa ajili gani?"

"Kwa ajili ya penseli. Lakini sijawahi kuwa nayo, sijui inalizaje."

"Ukiishika utajua," alisema Mwalimu Sikudhani. Naye alisema kwa moyo wake wote, kwani alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, lakini barua kutoka juu humfanya mtu arudi utotoni.

*

Siku ya siku, magari thelathini na mawili yalipanda Kokotoni. Turubai lilitandwa juu ya viti vya wageni. Watoto walipangwa juani, kwa kuwa Afisa Furaha alisema kivuli kinaua meno kwenye picha. Walisimama tangu saa mbili, na Mheshimiwa akafika saa saba, akaomba radhi kwa kuwahi.

Hotuba yake ilikuwa fupi, ya saa moja na nusu. "Ndugu wananchi," alianza, "penseli ni nini?" Akanyamaza, ikawa kama ameulizwa yeye. "Penseli ni mti uliokubali kusoma. Enzi za mkoloni, mtoto wa mpasua kokoto hakuwa na penseli. Leo, baada ya miaka sitini ya uhuru, mtoto huyo bado hana penseli, lakini tofauti ni kubwa. Leo hana penseli akiwa huru."

Watu walipiga makofi. Mwalimu Sikudhani alipiga pia, mikono yake ikatangulia kabla hajaelewa kilichosemwa.

Sasa, msomaji wa mbali anaweza asiijue desturi ya nchi hiyo. Huko, mkubwa akitoa msaada hatoi hundi, hutoa mfano wa hundi, ubao mpana kama mlango, ili walio nyuma nao waone ukarimu. Mfano hupigwa picha, hupigiwa makofi, na mpaka watu wanapotawanyika hakuna anayekumbuka kuulizia hundi. Desturi hii ilifanya kazi vizuri sana hata Wizara ikaona ni uchoyo kuiachia hundi peke yake.

Wakaja wanaume sita wamebeba kitu kirefu kilichofunikwa kitambaa. Mheshimiwa akavuta kamba. Ilikuwa penseli ya mbao, urefu wa mita nne, imepakwa rangi ya njano na nyeusi, na nyuma ina kifutio cha sponji ukubwa wa mto wa kulalia. Ubavuni kulichorwa uso wa Waziri, na kwa kuwa penseli ni nyembamba, uso huo ulianzia kwenye ncha ukaishia karibu na kifutio. Mheshimiwa aliikabidhi kwa mikono miwili, huku wale sita wakibeba uzito kwa nyuma.

"Napenda kuwakabidhi mfano wa penseli," alisema.

Watoto wakafurahi kwa zamu kama walivyofundishwa. Havijawa alighani shairi lake, akaitazama penseli ile, akalia. Afisa Furaha alimnong'oneza mwenzake kwamba kilio kile hakikuwamo katika mafunzo, lakini kitumike.

Mwalimu Sikudhani akapiga magoti kidogo kwa adabu, akauliza, "Mheshimiwa, na zenyewe?"

"Zenyewe nini, Mwalimu?"

"Penseli zenyewe. Za kuandikia."

Waziri alicheka kwa upole, akamgeukia mpiga picha ili upole usipotee bure. "Mwalimu, kuna nchi zilianza na penseli, mpaka leo hazina mfano. Sisi tumeanza na mfano. Kazi kubwa imekwisha."

Bwana Kitogo alimletea daftari la mapokezi na kalamu. Palikuwa pameandikwa: Nimepokea penseli kwa ajili ya wanafunzi wote. Mwalimu alitazama watoto, wawili walikuwa wameshaanguka kwa jua. Alitazama magari yanayounguruma. "Saini, Mwalimu," alisema Bwana Kitogo kwa sauti ya chini. "Zenyewe ziko njiani." Mwalimu Sikudhani akasaini. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye lilimwuma kuliko yote: hakulazimishwa na bunduki, alilazimishwa na kalamu nzuri na watu waliokuwa na haraka.

*

Zenyewe zilibaki njiani. Badala yake kilikuja kikosi cha mafundi kikajenga banda la penseli kubwa, lenye mabati mapya na kufuli, pamoja na mlinzi, kwani mali ya umma haiachwi juani. Mvua iliponyesha, darasa la pili na la tatu walikwenda kujikinga kwenye ukingo wa banda hilo, mlinzi akawaruhusu wasogee, ila wasiguse.

Kisha ikaja barua yenye muhuri mwekundu. Kwa kutambua mapokezi mazuri, ilisema, Shule ya Msingi Kokotoni imepandishwa hadhi na kuwa Shule ya Mfano. Mwalimu Sikudhani aliisoma mara tatu, na kwa mara ya kwanza tangu magari yaondoke alicheka. Kila mtu alijua shule ya mfano ni shule bora, inayoigwa na wenzake, inayopewa kwanza. Aliwaza penseli, akathubutu kuwaza na madawati.

Kazi ya kibao kipya alipewa Fundi Mrisho, mchoraji wa maandishi ya magari na majeneza. Maelekezo alipewa kwa simu, upepo ukivuma. Fundi alipima ubao, akaona neno lenye heshima zaidi ni "mfano", akaanza nalo, kubwa, jekundu. Alipotaka kuendelea akaona neno limekaa peke yake, halishikamani na la pili. Akaliunganisha kwa namna aliyoijua. Kibao kikasomeka: MFANO WA SHULE YA MSINGI KOKOTONI.

"Fundi, umegeuza," alisema Mwalimu. "Ni shule ya mfano."

"Si maneno yale yale, Mwalimu? Sijapunguza hata moja."

"Ni yale yale. Ila sasa wanaosoma hapa wanasoma hewani."

"Mimi nililetewa maneno, sikuletewa shule," alisema Fundi Mrisho, akaosha brashi yake.

Alasiri hiyo hiyo kibao kilizinduliwa na mkubwa mmoja aliyekuwa akipita kwenda kwenye harusi. Mwalimu alikwenda mpaka wilayani, kwa miguu, kumweleza Bwana Kitogo.

"Kimeshazinduliwa?" aliuliza Bwana Kitogo.

"Kimezinduliwa, Bwana Afisa, lakini kina makosa."

"Basi hakina. Kitu kikishazinduliwa hakiwezi kuwa na makosa, Mwalimu, vinginevyo itaonekana aliyezindua hasomi."

Makarani wa Wizara walikuwa watu makini. Walipoona kibao hakilingani na rejista, wakarekebisha rejista. Kokotoni ikafutwa kwenye orodha ya shule, ikaandikwa kwa mwandiko mzuri kwenye orodha ya mifano, baada ya mfano wa daraja na mfano wa zahanati. Mwalimu Sikudhani hakuarifiwa, kwa kuwa utaratibu wa kuiarifu mifano haukuwapo.

*

Zikabaki siku tisa kufikia mtihani. Kila asubuhi Mama Havijawa alipita shuleni na karai lake la kokoto, akageuza upande wa jicho lake zima, akauliza, "Zimekuja, Mwalimu?" Siku ya tatu Mwalimu alirudi nyumbani. Akachukua redio yake, kitu pekee nyumbani kwake kilichokuwa kikimsemesha, akaibeba mpaka mjini, akarudi na penseli kumi na nne.

Mwenye duka alikuwa amemshangaa. "Unatoka Kokotoni? Si nyinyi mlioonyeshwa kwenye habari na penseli ya mita nne?"

"Ndiyo sisi," alisema Mwalimu.

"Sasa hizi ndogo za nini? Acheni tamaa."

Mwalimu alizikata kwa kisu, kila moja vipande vitatu, akapata arobaini na viwili. Watoto walizichonga kwa kusugua juu ya mawe. Ilimbidi awafundishe kushika upya, kwani mikono iliyozoea mkaa na mwamba ilikandamiza mpaka ncha zikavunjika. "Polepole," aliwaambia. "Hii haipigani na wewe. Kwa..."

"Mfano," wakasema.

"...unampangusa mtoto mchanga machozi."

Havijawa alikinusa kipande chake kabla ya kuandika. Alikigeuza, akaona kimeandikwa herufi mbili za dhahabu zilizokatwa katikati. "Nilijua itakuwa nzito," alisema. "Kumbe kitu chenyewe ni chepesi hivi." Hakulia. Aliandika jina lake pembeni mwa gazeti kuukuu, akalitazama, akakifunga kipande kwenye pindo la sare yake kwa fundo.

*

Siku ya mtihani watoto arobaini na mmoja walikaa darasani saa moja kabla, kila mmoja na kipande chake mkononi. Mwalimu Sikudhani alivaa gauni lake la sikukuu. Saa mbili kamili gari la serikali likafika na msimamizi, kijana mwenye miwani, pamoja na mpiga picha wa Wizara na askari wawili wenye bunduki. Walishusha kitu kipana kilichofungwa lakiri.

Msimamizi alikata lakiri mbele ya mashahidi, kama sheria inavyotaka. Ndani ulikuwa ubao wa mbao nyembamba, mpana kama mlango, wenye nembo ya taifa. Juu paliandikwa MFANO WA MTIHANI. Chini palikuwa na swali moja, Moja na moja ni ngapi, na duara la jibu lilikuwa limeshapakwa rangi nyeusi.

Mwalimu alisogea karibu akaugusa ubao, kana kwamba labda karatasi ziko nyuma yake.

"Bwana Msimamizi, hiki ni nini?"

"Ndicho nilichopewa, Mwalimu. Kwenye orodha nyinyi ni mfano." Alionyesha kidole nje, kwenye kibao. "Hata mlangoni mmeandika wenyewe."

"Lakini hawa ni watoto. Watazame."

Msimamizi aliwatazama kweli, na uso wake ulibadilika kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Nchi hiyo haikuwa na watu wabaya wengi, ilikuwa na watu wenye orodha.

Havijawa alisimama. "Shikamoo. Mtihani wenyewe uko wapi?"

"Marahaba. Wenyewe uko kwenye shule zenyewe, mwanangu."

"Sisi tuna penseli," alisema Havijawa, akafungua fundo la sare yake, akaonyesha. Wenzake arobaini wakanyoosha za kwao juu. Mpiga picha wa Wizara aliona hiyo ni nafasi nzuri, akapiga.

Sheria ilitaka mtihani uchukue saa mbili, na askari walikuwapo, kwa hiyo watoto walikaa saa mbili mbele ya ubao. Wengine walilala. Havijawa alitoka na kurudi na jiwe bapa, akaliweka magotini, akaandika hesabu zote alizojiandalia, moja baada ya nyingine, kwa tarakimu ndogo safi, bila kufuta hata mahali pamoja. Muda ulipokwisha alilipeleka mezani.

"Siwezi kulipokea," alisema msimamizi, bila kuinua macho. "Mashine haisomi mawe."

*

Matokeo yalipotoka, Kokotoni iliongoza nchi nzima. Wanafunzi wote walifaulu kwa alama zote, jambo lisilowahi kutokea kwenye shule zenye wanafunzi. Mheshimiwa Waziri alirudi na magari arobaini. Alimtangaza Havijawa kuwa mtoto wa mfano, akamkabidhi mfano wa cheti, wa mbao, wenye jina lake kwa herufi za kijani zenye urefu wa kiganja. Safari hii Mwalimu Sikudhani hakupiga makofi. Hakuna aliyegundua, kwa sababu makofi yalikuwa yakitoka kwenye spika.

Shule za sekondari zilipofunguliwa, Mwalimu na Havijawa walivuka mto. Havijawa alibeba cheti kichwani, na palipovuma upepo Mwalimu alishika upande wa pili. Karani wa shule ya bweni alitafuta jina kwenye daftari la kwanza, hakuliona. Akafungua daftari jingine, jembamba.

"Yumo," alisema kwa furaha. "Amepangiwa mfano wa sekondari."

"Uko wapi huo?" aliuliza Mwalimu.

"Makao makuu, ukumbini, juu ya meza, ndani ya kioo. Nimeuona kwa macho yangu. Una maabara tatu, na miti ya sponji."

"Sasa huyu mtoto atalala wapi?"

"Mabweni yapo sita, Mwalimu, na ni mazuri sana," alisema karani. "Kila moja lina ukubwa wa kiberiti."

Mwalimu Sikudhani aligombana naye mpaka sauti ikamkauka. Alisema mambo ambayo hakuwahi kuyasema miaka ishirini na miwili, mengine mbele ya mtoto. Karani alimsikiliza kwa heshima, akamweleza kwamba malalamiko yote yanapokelewa kwa fomu, nakala tatu. Havijawa alikuwa ameketi juu ya cheti chake, nje, akitazama wasichana wa bweni wakipita na mabegi.

Cheti hakikupotea bure. Mama Havijawa alikisimamisha juu ya miti minne pale machimboni, kikawa kivuli kizuri, kipana, kisichovuja. Chini yake waliketi wawili, mama akipasua jiwe, mtoto akipasua jiwe la mama. Mwalimu alipita hapo wiki ya pili ya muhula. Havijawa alisimama, akajipangusa vumbi kwenye kope, akafungua fundo la sare yake ya zamani.

"Shikamoo, Mwalimu. Hii haijaisha," alisema, akampa kile kipande cha penseli. "Nimekichonga mara mbili tu. Mpe mwingine."

"Kaa nacho, mwanangu. Ni chako."

"Hapa nitaandikia nini?" alisema Havijawa, na akaketi, kwa sababu lori lilikuwa linakuja.

Mama yake aliendelea kupiga nyundo. Maneno yale ya kila siku hayakutoka, na Mwalimu Sikudhani aliona afadhali yangetoka.

Alirudi darasani na kipande kile kiganjani. Darasa la saba jipya lilikuwa na watoto thelathini na wanane, mawe yao magotini, mkaa vidoleni. Walisimama, wakamwamkia, wakaketi. Akageukia ubao, akachora mistari ya hesabu ya siku hiyo, akawageukia ili awafafanulie.

"Kwa..." alisema, na akanyamaza.

Hakunyamaza kwa desturi yake. Alikuwa ametafuta neno linalofuata akaona haliwezi kupita kooni. Lakini watoto wangejuaje. Walivuta pumzi, thelathini na wanane, na kwa sauti moja yenye furaha ambayo hakuna aliyewafundisha, wakammalizia.